Namna ya Kusomesha Kupaishwa na Kurejea kwa Nabii Isa (a.s.)

Mwalimu anayeandaa darsa hii na aanze na Qurani kabla ya kugusa Hadithi yoyote, kwa kuwa itikadi ya kupaishwa imesimama juu ya Sura An-Nisaa, aya ya 157 na 158. Zisome zote mbili kwa pamoja: ya kwanza inakanusha kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa, na kusema kuwa walifananishiwa tu, ya pili inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Wanafunzi watauliza ni nani aliyefananishwa naye. Qurani haikumtaja. Wafasiri wametoa kauli mbalimbali, na amana ya elimu inamtaka mwalimu aziite kauli, asizipandishe daraja zikawa aya.

Kisha ingia katika kurejea kwake. Hapa tegemeo kubwa ni Hadithi, na iliyo wazi zaidi ni ile ya Nawwas bin Sam'an katika Sahihi Muslim, isemayo kwamba Isa atateremka penye mnara mweupe, mashariki ya Dameski, huku ameweka viganja vyake juu ya mbawa za malaika wawili; akiinamisha kichwa kitadondosha maji, na akikiinua yatateremka matone kama lulu. Isome sehemu hii taratibu, maana ndiyo watakayoondoka nayo. Baada ya hapo atamsaka Dajali, yule masihi wa uongo wa zama za mwisho, mpaka kwenye lango la Ludd, mji wa Palestina, amuue.

Swali zito kuliko yote, na ambalo halifai kuachwa mpaka muda umekwisha, ni hili: ikiwa Muhammad (s.a.w.) ndiye Mtume wa mwisho, vipi Isa aje baada yake? Jibu ni kwamba Isa alikwisha kupewa utume kabla ya Muhammad, na atakaporudi hataleta sheria mpya, bali atahukumu kwa sheria hii hii. Ithibitishe kwa Hadithi ya Jabir bin Abdillahi, pia katika Sahihi Muslim, ambamo kiongozi wa Waislamu atamwomba Isa awaswalishe, naye atakataa kwa ajili ya heshima ambayo Mwenyezi Mungu ameupa umma huu.

Wakiwapo Wakristo, kama inavyotokea mara nyingi katika mihadhara ya Afrika Mashariki, sema kwa adabu kwamba wao pia wanangojea kurudi kwake, na kwamba tunapoachana ni msalabani. Ahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad, nao wanaamini kuwa alifariki kifo cha kawaida na kuzikwa Srinagar, Kashmir. Itaje itikadi yao kama wanavyoieleza wenyewe, ndipo utoe hoja yako.

Kuhusu muda atakaokaa duniani, riwaya ya Abu Daud inataja miaka 40, kisha atafariki na Waislamu watamswalia. Katika Sahihi Muslim imetajwa miaka 7. Zisome zote mbili, usifiche mojawapo.