Wasifu wa askofu mkuu: namna ya kuuandaa usomeke ibadani

Ugeni wa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana ukitangazwa Malindi, kamati huanza na mahema, viti na pilau. Wasifu hukumbukwa Ijumaa jioni, na hapo ndipo makosa huingia.

Chukua karatasi, andika mistari mitano: kuzaliwa, ushemasi, ukasisi, kuwekwa wakfu kuwa askofu, kusimikwa kuwa askofu mkuu. Kila mstari uwe na tarehe na mahali. Usiojaa uache wazi mpaka uulize ofisi ya dayosisi. Usiuzibe kwa kukisia.

Panapoharibika zaidi ni mistari miwili ya mwisho. Mtu huwekwa wakfu kuwa askofu mara moja tu. Aliye askofu tayari akipata uaskofu mkuu hawekwi wakfu tena, husimikwa. Tena kuchaguliwa ni siku moja na kusimikwa ni nyingine: Jackson Ole Sapit alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Kenya Mei 2016, akasimikwa Julai.

Dayosisi nazo hugawanywa. David Gitari aliwekwa wakfu 1975 kwa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, na kuanzia 1990 anatajwa kama Askofu wa Kirinyaga. Wengi huandika kwamba alihamishwa. Hakuhama, dayosisi ndiyo iliyokatwa vipande. Uaskofu mkuu aliushika kuanzia 1997 hadi 2002.

Sisi wa Pwani mtego wetu ni jina la Mombasa. Leonard Beecher aliitwa Askofu wa Mombasa kuanzia 1953, lakini dayosisi hiyo wakati ule ilibeba Kenya nzima. Mwaka 1960 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Afrika Mashariki. Festo Olang' ni wa kwanza wa Kenya, mwaka 1970, jimbo hilo la kanisa la Afrika Mashariki lilipogawanywa. Kwa hiyo ukiandika “wa kwanza”, sema wa wapi.

Sifa ziwe chache, zifuate kazi aliyoifanya. Maneno 400 yanatosha, kama dakika nne kwa msomaji asiyekimbia. Yakizidi, wazee walioketi chini ya mabati saa sita mchana huanza kujipepea kwa ratiba ya ibada.

Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na msomaji ajizoeze miaka kwa sauti: “elfu moja mia tisa sabini na tano” humkwaza hata mwalimu. Karatasi zibanwe kwenye jalada gumu, maana upepo wa bahari hauna adabu. Nakala ya ubao wa matangazo ifunikwe plastiki, na pini zisiwe za chuma. Kutu itashuka hadi kwenye picha ya Baba Askofu.