Somo: Kuteleza barafuni bila mwalimu, uwanjani kwanza, ziwani baadaye

Kwa mliohamia Minnesota, Toronto au Oslo na hamtaki kulipia masomo: mchezo huu unajifunzika peke yako. Wengi huacha mapema kwa sababu ya kiatu kibovu, wakidhani ni woga.

1. Kiatu. Chuma cha chini kina mfereji katikati na makali pande mbili, ya ndani na ya nje. Pitisha ukucha taratibu kukatisha makali: ukikwanguka unga kidogo, ni makali mazuri, ukiteleza tu, rudisha uombe jozi nyingine. Vipya vya dukani mara nyingi havijanolewa, uliza kabla hujaondoka.

Vaa soksi moja nyembamba. Soksi mbili nene hubana damu, na mguu unazidi kupoa. Kamba zilegee kidogo vidoleni, zikazwe sana pale kifundo kinapokunjika, juu zilegee tena ili goti liweze kukunjika. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, shuka saizi. Vifundo vikilala kwa ndani, usilaumu miguu yako. Kaza kamba upya.

2. Kuanguka. Jifunze hili kwanza. Ukihisi unakwenda, chuchumaa, uangukie ubavuni kwa paja na nyonga. Usitangulize viganja, hasa nyuma. Vifundo vya mikono huvunjika hivyo. Ukiwa chini kunja ngumi, vyuma vya wenzako visipite juu ya vidole. Kuinuka: piga magoti, weka mguu mmoja mbele, mikono yote juu ya goti hilo, sukuma. Helmeti na glovu ni lazima.

3. Kwenda. Visigino karibu, vidole nje. Piga hatua ndogo sita hadi nane, kisha tulia uteleze kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, macho mbele. Kosa la karibu kila mgeni ni kusukuma mguu nyuma kama anayetembea: chuma kinateleza tu bila kukupeleka. Sukuma kwa ubavu, ukikanyagia makali ya ndani. Ukuta ushike wakati wa kuingia tu. Anayeuning'inia hajifunzi kubeba uzito wake.

4. Kusimama. Ukiwa mwendo wa pole, ingiza vidole ndani na usukume visigino nje hadi chuma kiparuze barafu. Ukilaza mguu sana, makali yanauma na kukuzungusha badala ya kuparuza. Usiongeze mwendo kabla hujaweza hili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimezoea skeiti za magurudumu Nairobi. Je, naanzia hatua ya nne?*
Karibu hivyo. Msukumo wa ubavuni ni uleule, lakini ile breki ya mpira kisiginoni haipo. Halafu chuma cha kiatu cha hoki kimepinda mbele na nyuma, kwa hiyo ukiegemea nyuma unakaa chini. Fanya hatua ya pili na ya nne.

*Viatu vyenye meno mbele vinanikwaza, nibadilishe?*
Hapana, dada. Meno ni ya kurukia na kuzungukia. Unakwama kwa sababu unasukumia vidole. Rudisha uzito katikati ya unyayo.

*Ziwa limeganda, naweza kwenda?*
Usiende peke yako. Barafu safi, ngumu na angavu iwe na unene wa angalau sentimita 10, nawe upime kwa kutoboa kila unapoendelea, maana unene hautoshani. Nyeupe ina nguvu karibu nusu, hivyo dai mara mbili. Epuka mito inapoingia au kutoka. Ikivunjika, geukia ulikotoka, weka mikono juu ya barafu, piga miguu hadi mwili ulale, kisha jiviringishe mbali. Usisimame hapo.