Namna ya Kutazama Filamu za Zamani za Madubwana

Mtu aliyezoea madubwana ya kompyuta hucheka aonapo dubwana la mpira la miaka ya 1950. Kucheka si kosa, ila akiishia hapo ataukosa utamu wa filamu hizi, ambao umo katika hila alizotumia mtengenezaji kusitiri ufukara wake.

Anza na Night of the Living Dead ya mwaka 1968, ambayo George A. Romero aliiongoza katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa takriban dola 114,000. Inapatikana bure na kihalali katika intaneti, kwa kuwa jina lake lilipobadilishwa tangazo la hakimiliki liliachwa, na kwa sheria ya wakati ule ikawa mali ya umma. Epuka nakala zilizotiwa rangi baadaye, maana filamu yenyewe ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na damu yake ni shira ya chokoleti. Zima taa, weka simu mbali.

Mwanzoni utawaona kaka na dada makaburini, kungali mchana, na nyuma yao kwa mbali mzee mmoja anajikokota, amevaa suti kama mtu atokaye mazishini. Mkazie macho huyo huyo: ndiye dubwana, na wala halikuhitaji mpira. Baadaye, nyumba itakapozingirwa, rudia tukio moja ukiwa umezima sauti, kisha ulirudie tena ukiwa umefumba macho na kusikiliza nyundo zikipigilia mbao madirishani. Hapo utajua hofu yako ilitoka wapi.

The Blob ya 1958, ambayo dubwana lake ni silikoni iliyotiwa rangi nyekundu, itazame hasa kwa tukio la watu kukimbia ukumbi wa sinema. Ukumbi huo, Colonial Theatre wa mji wa Phoenixville, Pennsylvania, ungalipo, na kila mwaka mashabiki hutoka mbio humo wakipiga mayowe kwa furaha.

It Conquered the World ya mwongozaji Roger Corman, ya 1956, iweke kwa siku ya kukaa na marafiki. Paul Blaisdell aliliunda dubwana lake fupi na pana, kwa dhana potofu kwamba kwenye sayari ya Zuhura, linakotoka, uvutano ni mkubwa, tena akitarajia libaki gizani pangoni. Corman alisimulia kwamba mwigizaji Beverly Garland alisimama mbele ya dubwana hilo akalicheka, ndipo likaongezwa urefu. Mwishowe likatolewa juani. Simamisha picha hapo, ulilinganishe na yule mzee wa makaburini.