Kufunga mzigo wa kambi ya kuigiza: Ijumaa jioni hadi Jumapili, kando ya msitu wa Kakamega

Hili ni la mnaokuja kwa mara ya kwanza kambi ya kuigiza wahusika, ambako kila mtu huvaa na kuishi kama mhusika wa hadithi, na vita hupiganwa kwa panga za sponji. Kila mara kuna mtu ameshona joho la kifalme mwezi mzima, halafu Ijumaa usiku mfalme anatetemeka kwa sababu chini ya joho ana fulana tu. Funga mzigo wa mwili kwanza, wa mhusika baadaye.

Hatua ya 1: Jua unatoka wapi

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50 kwa matatu, lakini unapanda. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Kakamega imepita 1,500. Watu wa Kisumu, leteni sweta na blanketi, msibishane nami. Watu wa Nakuru baridi mnaijua. Shida yenu ni mbu. Huku ni eneo la malaria, kwa hivyo chandarua si hiari. Homa ikikushika katika wiki chache baada ya kurudi, nenda upimwe, na umwambie daktari ulilala wapi. Akiwa Nakuru huenda malaria isimjie akilini haraka.

Mvua ya huku hainyeshi kwa msimu tu. Karibu mwaka mzima hushuka alasiri, saa ileile ambayo vita vyetu huanza.

Hatua ya 2: Ndoo, si mfuko

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu ya hifadhi. Ratiba ikiwa na matembezi ndani ya msitu, njoo na chupa ya chuma.

Nguo zako zitakaaje kavu basi? Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, uioshe vizuri. Nguo za kulalia, soksi na blanketi jepesi huingia humo. Ukiitoa nguo, ndoo inakuwa kiti, na ukiifunika gunia, hakuna atakayejua kwamba kiti cha enzi kiliwahi kuwa na rangi ya ukuta. Ndoo ya pili, ndogo, iwe ya chakula. Tumbili hawaogopi hema, na harufu ya chapati huwaita. Kabla ya kupiga hema kagua ardhi. Ukiona msururu wa siafu, usijadiliane nao, hama.

Hatua ya 3: Nguo za mhusika

Pita soko la Kibuye, Kisumu, mapema. Usitafute vazi la kihistoria, tafuta kitambaa kizito: pazia kuukuu, koti la sufu, blanketi la kahawia. Kata vifungo vya plastiki, weka kamba. Joho la pazia zito lina faida mbili, mchana ni cheo na usiku ni blanketi.

Shuka ya Kimasai inapendeza, ila nyingi siku hizi ni akriliki. Cheche ikiruka kutoka motoni kitambaa huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Ukiivaa, kaa mbali na moto. Akala nazo ni nzuri kwenye picha; kwenye tope la Kakamega zitakulaza chali. Vaa gambuti na uzifunge vitambaa juu.

Nguo za madoadoa ya jeshi ziache nyumbani, hata kama mhusika wako ni askari. Sheria ya Kenya haina mzaha na sare za jeshi, na polisi wa kizuizi cha barabarani hatasubiri umweleze hadithi ya ufalme wako.

Hatua ya 4: Silaha

Hapa msiharakishe. Upanga wetu ni bomba la PVC la nusu inchi, sponji ya mkeka wa yoga, gundi ya fundi viatu na tepu ya kitambaa, basi.

Ziba kwanza midomo yote miwili ya bomba kwa kipande cha mpira, kwa maana ukingo wa bomba hukata sponji kutoka ndani bila wewe kuona. Paka gundi kwenye bomba na kwenye sponji, ukiwa nje penye hewa, halafu ngoja. Gusa kwa kidole. Isiponata tena, ndipo ushikanishe. Wanaoshikanisha gundi ikiwa mbichi ndio ambao Jumamosi sponji yao huzunguka kwenye bomba kama soksi iliyolegea. Tabaka mbili za sponji kwenye makali, na ncha ya sponji ipite mwisho wa bomba kwa upana wa vidole vitatu. Tepu usiirundike, kwani kila tabaka huongeza ugumu.

Sponji ya godoro ni bei rahisi na ni laini, lakini hunywa maji. Ikinyeshewa, upanga unakuwa rungu. Nisingeitumia huku hata bure.

Ujipige pajani kwa nguvu uliyokusudia kumpigia mwenzako. Ukisema "aii", rudi kazini. Msimamizi naye ataminya ncha kwa kidole gumba Ijumaa jioni; akihisi bomba, upanga huo hauchezi. Safarini ufunge ndani ya gunia. Bastola ya kuchezea usilete kabisa.

Hatua ya 5: Chakula na mwanga

Sukari nguru, njugu karanga, mihogo ya kuchemsha na ndizi hulika mbele ya moto bila kumtoa mtu kwenye hadithi. Biskuti za pakiti ule hemani. Maji, hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku. Koroboi hatuwashi, kwa sababu ya sponji na nguo ndefu. Taa ndogo ya sola ukiivika kitambaa cha manjano inatosha.

Hatua ya 6: Neno moja

Ukisikia "Simama!", kila mtu anaganda, hata kama ulikuwa unashinda. Kichwa na shingo hazipigwi.

Maswali ya wanachama

*Navaa miwani. Niiache nyumbani?*
Usiiache, utaumia zaidi usipoona. Ifunge kwa mpira nyuma ya kichwa, na kama una ya zamani ibebe. Mwambie msimamizi akutambulishe kabla ya vita.

*Mwalimu, binti yangu ana miaka kumi na sita na amenisumbua kweli. Atalala wapi?*
Karibu, mama. Wasichana wana hema zao na mama msimamizi wao. Tunataka sahihi yako na namba yako ya simu. Ukitaka kuja kulala naye, njoo. Tuna uhaba wa wachawi wazee.

*Nina pumu. Inhela nikaiweke wapi?*
Mwilini, ndani ya mfuko wa vazi, si hemani. Na watu wawili wa kundi lako wajue iko mfuko gani. Moshi wa kuni usiku ndio adui yako, chagua upande upepo unakotoka.

*Mhusika wangu ni mganga. Nyanya ameona vibuyu na manyoya kwenye mkoba, sasa anasema siendi popote.*
Keti naye umweleze, tena mwonyeshe upanga wa sponji, atacheka. Lakini hofu yake ina msingi. Usivuke ua wa kambi na rangi usoni. Huku anayekimbia gizani na nguo nyeusi huitwa mkimbiaji wa usiku, yaani mchawi, na hapewi nafasi ya kujieleza. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wako kwenye tohara. Tusiingilie shughuli za watu na barakoa zetu. Chifu na mzee wa kijiji huwa tumewaarifu, ila jirani wa nyumba ya tatu huenda hajasikia.

*Jumapili upanga umelowa, nifanyeje kabla ya matatu?*
Ukaushe kwa kitambaa, usiuanike juani. Nyumbani ulaze kivulini siku mbili. Usiusimamishe kwa ncha, sponji itabonyea na msimamizi ataukataa kambi ijayo.