Jinsi ya Kumpima Mrukaji wa Upondo Aliyevuka Miaka Thelathini

Kila mashindano makubwa ya riadha yanapokaribia, swali hili hunifikia hapa Nakuru ninapofundisha michezo: mrukaji wa upondo aliyewahi kuwa bingwa, na ambaye sasa ana miaka thelathini na mitano au hata arobaini, bado anaweza kushindana na walio bora duniani? Wengi hujijibu wenyewe kwa kumtaja Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka wa 2022 akiwa na miaka 37. Mfano huo haufai. Marathoni hutegemea pumzi na ustahimilivu, ilhali kuruka kwa upondo, yaani kujiinua kwa fimbo ndefu inayopinda ili kuuvuka upau ulio juu, ni mbio fupi za mita arobaini hivi ambazo humalizikia hewani, na misuli ya mbio fupi huanza kupungua nguvu mapema kuliko pumzi. Hata hivyo, haifai pia kumkatia mtu tamaa kwa kuangalia tarehe yake ya kuzaliwa tu. Weka umri kando kwanza, kisha umtazame anavyoruka.

Anza na hatua zake za mwisho. Kinachompandisha mrukaji ni kasi yake mwenyewe: upondo huipokea, hupinda, kisha humrudishia unapojinyoosha. Wanaume wa kiwango cha juu hufika kwenye kisanduku cha kuchomekea upondo wakiwa na kasi ya takriban mita 9.5 kwa sekunde. Kwa hesabu ile ile ya fizikia inayofundishwa katika shule za upili, kasi hiyo inatosha kuuinua mwili kwa mita 4.60 kutoka pale ulipokuwa, na kasi ya mita 9.0 huuinua kwa mita 4.13 tu. Kiasi kinachobaki hutokana na urefu wa mrukaji mwenyewe na nguvu za mikono na tumbo. Maana yake ni kwamba kila sehemu moja ya kumi ya mita anayopoteza kwa sekunde humnyang'anya karibu sentimita kumi za kimo, na hakuna ufundi wa hewani unaoweza kuzirudisha zote.

Kama una nafasi ya kumpiga picha mwanariadha wako uwanjani, weka alama mbili kando ya njia, moja mita kumi na nyingine mita tano kabla ya kisanduku, kisha umrekodi kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde. Mwenye kasi ya mita 9.5 atapita kati ya alama hizo kwa picha 126, na mwenye kasi ya mita 9.0 kwa picha 133. Saa ya mkononi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, lakini ukizisogeza picha moja moja kwa kidole utaiona. Rudia zoezi hilo kila baada ya wiki chache, kwa sababu kipimo kimoja hakikuambii lolote kuhusu mtu ambaye huenda aliamka na uchovu siku hiyo.

Baada ya kasi, utazame upondo wenyewe. Pondo za kisasa hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, na kila mmoja umeandikwa urefu wake na uzito wa mrukaji unaoufaa. Mrukaji anayezidi kuwa na nguvu hupanda kutoka upondo laini hadi mgumu, na huushika juu zaidi. Anayepungua hulazimika kurudi nyuma kwa njia ile ile. Tatizo ni kwamba wengi hukataa kurudi. Niliwahi kuliona jambo hilo kwa karibu sana. Mwalimu mwenzangu, ambaye ujanani aliruka vizuri kwa mwanzi, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wetu namna inavyofanywa, akaushika mwanzi pale pale alipozoea kuushika akiwa na miaka ishirini. Alikimbia vizuri, akauchomeka, mwanzi ukainuka mpaka karibu na wima, kisha ukasita. Kwa kitambo kifupi alining'inia pale juu, viganja vikiwa vimekakamaa, halafu mwanzi ukamrudisha taratibu kule alikotoka, akaangukia kisigino kwenye ardhi ngumu badala ya maranda. Alichechemea kwa majuma kadhaa. Laiti angeshika viganja viwili chini zaidi, angevuka salama.

Kwa hiyo, unapomtazama mkongwe kwenye runinga, angalia anakoangukia. Akishuka katikati ya godoro, bado ana kasi ya kuuvusha upondo wake. Akishuka karibu na ukingo wa mbele mara kwa mara, anatumia upondo ambao umri wake haumruhusu tena, na hatari ya kuumia ni kubwa kuliko nafasi ya kupata medali. Angalia vilevile milingoti inayobeba upau, ambayo kanuni huruhusu isogezwe hadi sentimita 80 nyuma ya kisanduku. Mtu aliyezoea kuomba isogezwe nyuma kabisa, kisha akaanza kuomba isogezwe mbele kidogo kidogo, huwa anakuonyesha kwamba kasi yake inapungua.

Historia inatoa majibu yenye moyo zaidi kuliko hesabu. Sergey Bubka wa Ukraine, ambaye jeraha la kano ya kisigino lilimtoa kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka wa 1996, alirudi mwaka uliofuata akatwaa taji lake la sita la dunia mjini Athens kwa mita 6.01, akiwa na miaka 33. Björn Otto wa Ujerumani aliruka mita 6.01 mwaka wa 2012 akiwa na miaka 34, baada ya kupata medali ya fedha ya Olimpiki jijini London. Jenn Suhr wa Marekani aliruka mita 5.03 ukumbini mwanzoni mwa 2016, siku chache kabla ya kutimiza miaka 34. Jeff Hartwig alijipatia nafasi katika timu ya Marekani ya Olimpiki ya 2008 akiwa na miaka 40, ingawa hakufika fainali. Kwa maoni yangu, mifano hiyo inaonyesha kwamba hadi miaka 34 hivi medali bado inawezekana kabisa, na kwamba kuelekea arobaini kufuzu tu ni kazi kubwa inayostahili heshima. Kuhusu dhahabu ya wanaume, tusimlaumu mkongwe: tangu Armand Duplantis wa Uswidi aanze kuruka mita 6.25 na zaidi, hata vijana wanapigania nafasi ya pili, na Sam Kendricks wa Marekani aliipata kwenye Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024 akiwa na miaka 31.

Ikiwa wewe ndiwe mrukaji, au unamfundisha mmoja, linda mbio fupi kuliko kitu kingine chochote. Hapa kwetu kishawishi ni kikubwa, kwa sababu kila alfajiri barabara hujaa wakimbiaji wa masafa marefu na mtu huona kwamba kujiunga nao ni kujitunza. Kukimbia polepole kwa saa nzima hakurudishi kasi. Afadhali kupanda mteremko kama ule wa upande wa mlima Menengai kwa mbio kali za sekunde sita hadi nane, kupumzika kikamilifu, kisha kurudia mara chache tu, kwani mlima hukulazimisha kusukuma kwa nguvu bila kuinyoosha misuli ya nyuma ya paja kupita kiasi. Punguza siku za kuruka kabla ya kupunguza siku za mbio. Fupisha mkimbio kwa hatua mbili au nne mazoezini, na uuache mkimbio mzima kwa ajili ya mashindano. Kano ikianza kuuma asubuhi unapotoka kitandani, usiruke siku hiyo, hata kama maumivu yatatulia baada ya kupasha mwili joto.

Jambo la mwisho la kuangalia ni muda kati ya mchujo na fainali. Jijini Paris wanaume walipewa siku moja tu ya mapumziko, mchujo ukiwa tarehe 3 Agosti na fainali tarehe 5. Kijana huamka akiwa mzima. Mwenye miaka thelathini na mitano huamka na miguu ya jana. Ndiyo sababu wakongwe wenye busara huingia kwenye kimo cha juu moja kwa moja, ili waruke mara chache. Wakati wa kupasha mwili joto, mtazame anapofungua mfuko wake wa pondo. Akiutoa ule mgumu na kuujaribu mapema, amejiandaa kupigania medali. Akiuacha ndani hadi mashindano yaanze, mwili wake umeshaamua.