Somo: Kiuno kikikamata, kabla hujaomba kidonge

Salaam wanakikundi. Somo la maumivu niliahidi tangu wiki iliyopita, mnisamehe, dukani kulikuwa na pilika. Kwa wageni: nahudumu duka la dawa muhimu hapa Kigoma, jirani na Kibirizi. Wateja wangu wa alfajiri ni makuli na wavuvi waliotoka ziwani, na ombi lao ni moja: "Nipe ya kiuno." Dawa hawaitaji jina. Wengine hata hawasemi, wanashika nyuma tu, nami nimeshaelewa.

Hatua ya 1: Ijue kengele ya mwili, yaani maumivu

Juzi nilijikwaa kwenye ubao wa kupandia boti. Kidole kilichoma kama sindano, nikaruka. Nimeshatua, nimeshatamka neno ambalo sitaliandika hapa, ndipo yakaja maumivu ya pili: ya kuwaka na kupwita, yakanisindikiza mpaka nyumbani. Hiyo ni kwa sababu mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu ni ya aina mbili. Mmoja una ganda la mafuta na hupeleka kwa kasi, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Mwingine ni mwembamba, hauna ganda, hauzidi mita 2 kwa sekunde. Wa kwanza unakurusha, wa pili unakukumbusha usikanyage tena.

Lakini mishipa inapeleka habari tu. Ubongo ndio unaoamua iume kiasi gani. Mwaka 1944 kule Anzio, Italia, daktari Mmarekani Henry Beecher aliona askari wengi wenye majeraha mabaya wakikataa morfini, dawa kali ya maumivu. Walikuwa wametoka vitani wakiwa hai. Kwao jeraha lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Hapa kwetu huhitaji kwenda Italia. Kuli amechunwa bega na gunia, damu inatoka, na hana habari mpaka boti ijae na malipo yatolewe. Akikaa chini kunywa chai ndipo anasema "aah!"

Kwa hiyo maumivu makali si lazima yawe na madhara makubwa, na madogo si lazima yawe salama. Yanayodumu zaidi ya miezi 3 huwa ni habari nyingine kabisa: mara nyingi kidonda kimeshapona ila kengele imekwama inalia. Mtu huyo hajifanyi, jamani. Anaumwa kweli.

Hatua ya 2: Yahoji

Kabla sijagusa kopo lolote nauliza: yalianza lini? Yanachoma, yanavuta, au kuna ganzi? Yanashuka mguuni? Usiku ukilala yanapungua au yanazidi? Watu hunikasirikia ("wewe muuza dawa au polisi?"), lakini majibu ndiyo yanayoniambia nani nimuuzie na nani nimfukuze aende hospitali.

Mgongo wa kwenda hospitali leo hii, si kesho: mkojo au choo vinakutoka bila kujua, au mkojo umegoma, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu unapoteza nguvu, umeanguka kutoka juu. Hilo la mwisho nawaambia hasa wakwezi wa michikichi. Na mgongo unaokuja na homa, kukonda, jasho la usiku au kikohozi kisichoisha usiucheleweshe, kwa sababu kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za mgongo.

Hatua ya 3: Sugua, kanda, tembea

Mama alipokusugua goti ulipoanguka utotoni hakuwa anakubembeleza tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Habari ya mguso husafiri kwenye mishipa minene, yenye kasi zaidi, na ikifika huubana ule mlango ili maumivu yapite kwa shida. Kuchua na mawese au na dawa ya dukani, ukiniuliza mimi, tofauti kubwa ni harufu. Kazi inafanywa na kiganja.

Misuli iliyokaza ikande kwa kitambaa cha maji ya moto, dakika 15 hadi 20. Kifundo kilichoteguka leo kiwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Wauza samaki wanayo.

Sasa kulala. Hapa ndipo tunapoharibu. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, na siku hizo ndizo nawaona wengi wamepinda kama ndoana. Wamelala mkekani siku tatu "kupumzisha mgongo". Mgongo wa kawaida haupendi hivyo. Siku moja ya kujilegeza, sawa, kisha inuka: tembea mpaka kwa jirani, rudi, ongeza kidogo kidogo. Kwa wengi hali huwa nzuri zaidi ndani ya wiki chache, hata kama kesho bado kutauma. Na kina mama wa kuanika dagaa: msiiname saa nzima. Piga goti, badilisha mkao, simama unyooke.

Hatua ya 4: Ndipo kidonge

Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima vidonge 2, kisha subiri saa 6. Visizidi 8 kwa saa 24, na vipungue kwa mwenye ini bovu, mwili mdogo sana au mnywaji wa kila siku. Chungulia pia dawa za mafua, nyingi zimebeba parasetamoli humo humo.

Diklofenaki na ibuprofeni hukata uvimbe vizuri, lakini zinakwangua tumbo, zinabana figo na kupandisha presha. Mimi mwenyewe, kabla sijasomea kazi hii, duka moja lilinipa diklofenaki ya wiki mbili bila swali hata moja. Nilikuwa nameza na chai ya rangi, tumbo tupu, naingia kazini. Siku ya kumi choo kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni damu, ndugu zangu. Meza baada ya kula, kwa siku chache, na usichanganye mbili za aina hiyo.

MASWALI

Mama Kijacho, Ujiji: Shikamoo dada. Nina miezi saba, kiuno kinanikata. Nimebakiwa na diklofenaki za mume wangu.

Marahaba mdogo wangu. Zirudishe kwa mume. Baada ya wiki 20 dawa hizo zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto. Parasetamoli ukihitaji, kukanda kidogo, lala ubavu na mto katikati ya magoti. Maumivu yakija na kuachia kwa mpangilio, au ukiona damu au maji, nenda kituoni hata kama ni usiku.

Kuli wa Kibirizi: Kuna jamaa wanauza tramadoli, ukimeza unabeba gunia kama pamba. Ina ubaya?

Gunia halijapungua hata kilo, ila kengele imezibwa mdomo. Tramadoli ni jamii moja na morfini: inazoesha, inaweza kuleta degedege, na ukiizidisha unaweza kusahau kupumua. Ni ya kuandikiwa na daktari. Kama umeshaizoea, usiikate ghafla; njoo tuongee pembeni, sitamwambia mtu.

Mjukuu, Mwandiga: Bibi ana baridi yabisi ya magoti, anataka kupigwa chuku.

Mpe bibi shikamoo yangu. Chuku huwapa baadhi ya watu nafuu ya muda, ila gegedu (ule mfupa laini) la goti hairudishi. Akishikilia, wembe uwe mpya na wake peke yake, kwa sababu homa ya ini na VVU hupita hapo. Kitakachomsaidia zaidi: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mwambie ahesabu kwa Kiha kama anapenda, goti halichagui.

Mjukuu tena: Amecheka. Amesema ataanza kesho.

Aanze leo, jua halijazama.