Faundesheni kwa wamama wa miaka 50 na kuendelea: jinsi ya kupaka sura ibaki yake

Hii naandika kwa wamama wenyewe na pia kwa mabinti ambao ikifika sendofu au harusi wanakabidhiwa uso wa mama yao na kuambiwa haya mpambe. Ninachokiona kila wikiendi kwenye kumbi za hapa Dar ni kilekile, mama amepakwa vilevile alivyopakwa bibi harusi wa miaka 25, konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) nzito, faundesheni nzito, poda ya kumwaga, halafu saa mbili baadaye akicheka mistari yote ya usoni imejichora na kwenye picha anaonekana mzee kuliko umri wake. Inaniuma kwa kweli, sababu wengi wamekuja na ngozi nzuri tu. Ngozi ya mtu mzima inataka maandalizi mengi na faundesheni kidogo, ukishika hilo moja hata mengine ukiyasahau utatoka vizuri.

Sababu ipo kwenye ngozi yenyewe. Mwanamke akishakoma hedhi homoni ya estrojeni inashuka, tezi za mafuta zinapunguza kazi, ngozi inakuwa kavu na nyembamba, na kolajeni, ile protini inayofanya ngozi ijae na ikivutwa irudi, inapungua kwa kasi, wataalamu wa ngozi wanakadiria karibu asilimia 30 inaondoka ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Na ngozi ya juu inachelewa kujibadilisha kwa hiyo seli zilizokufa zinakaa pale muda mrefu. Sasa faundesheni ni rangi iliyochanganywa na maji au mafuta, ikikuta ngozi kavu ule unyevu unanyonywa na rangi inabaki juu peke yake, inajikusanya kwenye kila mkunjo na kila gamba. Sisi weusi melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatusaidia, mikunjo inatuchelewa, kinachotangulia kwa wengi ni rangi kutolingana, paji la uso na pembeni ya mdomo pamekuwa peusi, mashavuni kuna madoa, chini ya macho pameingia weusi. Kwa hiyo kwa wamama wengi wa kwetu kazi ya faundesheni ni kulinganisha rangi tu, mikunjo iache itulie.

Anza mapema, angalau wiki moja kabla ya shughuli. Skrabu laini mara moja inatosha, halafu unaiacha ngozi, usikubali mtu akufanyie fesho mpya asubuhi ya harusi maana ngozi nyembamba ikisuguliwa inawaka, na faundesheni juu ya ngozi inayowaka haikai. Kuna jambo la malaika wa usoni, wale vinyweleo laini, pamoja na vindevu vinavyotoka kidevuni umri ukienda. Wamama wengi wanaona aibu kulisema, lakini faundesheni inanasa kwenye vinyweleo na ukikaa pembeni ya dirisha vinaonekana vyote. Kama anataka vitolewe, vitolewe kwa uzi au wembe mdogo wa usoni siku mbili tatu kabla. Kama hataki basi sawa, mwishoni ukimaliza kupaka unapitisha sponji kuelekea chini ili vilale.

Siku yenyewe osha uso kwa kitu kisichokausha. Sabuni ya mche hapana. Baada ya hapo usikaushe kabisa, uso ukiwa bado na unyevu kidogo ndo upake losheni ya uso yenye glisarini au asidi ya hialuroniki, vitu vinavyovuta maji na kuyashikilia. Ile glisarini ya dukani iliyochanganywa na marashi ya mawaridi wanayotumia mama zetu ni nzuri tu ikiwa nyepesi, ikiwa nzito inanata na faundesheni itakunjamana. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi yaache usiku, ukipaka faundesheni juu yake inateleza, na kwa joto letu la Desemba mpaka Machi utaikuta kwenye kola ya gauni. Wa Nairobi, Arusha au Njombe mwezi wa sita na wa saba na ile baridi wanaweza kuongeza losheni mara ya pili, hasa mashavuni.

Halafu subiri. Hapa ndo watu wengi wanaharakisha. Mpe dakika 5 mpaka 10 akae anywe chai, kisha gusa shavu kwa mgongo wa kidole, likiwa linateleza, bado subiri, likiwa linavuta ngozi ya kidole kama kavu ongeza tone moja, likiwa laini na linashika kidogo ndo hapo. Inafuata krimu ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 na kuendelea, hasa shughuli ikiwa mchana au nje, sababu jua ndo linalokoleza yale madoa. Usitegemee SPF iliyoandikwa kwenye chupa ya faundesheni, kiasi unachopaka ni kidogo mno kukukinga. Ila angalia isiwe ile inayoacha uso mweupe, nyingi zenye zinki nyingi zinafanya hivyo kwenye ngozi nyeusi.

Praima, ile krimu ya kutangulia chini ya faundesheni, siyo lazima. Kama vitundu vya ngozi puani viko wazi, paka hapo tu na katikati ya paji la uso, chini ya macho usiweke. Kitu cha kuangalia ni kwamba praima na faundesheni viendane, soma nyuma ya chupa, ukiona maneno mengi yanayoishia na "cone" mwanzoni mwa orodha hiyo ni ya silikoni, na ukiweka faundesheni ya maji juu ya silikoni mara nyingi inajiviringa na kutoka vipandevipande. Jaribu zote mbili nyuma ya mkono kwanza, ndani ya dakika chache utajua.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika. Usichague rangi ya kumng'arisha mama. Nasema tena, usichague rangi ya kumng'arisha mama, uso unakuwa wa kijivu na shingo inabaki yake. Uso wa mtu mweusi una rangi mbili tatu, paji la uso na kingo ziko nyeusi zaidi, katikati pamepauka, kwa hiyo ukijaribu shavuni peke yake utadanganyika. Chora mistari miwili mitatu kuanzia taya kushuka shingoni, toka nje ya duka penye mwanga wa jua maana zile taa nyeupe za madukani Kariakoo zinabadilisha kila kitu, kisha subiri dakika 10 au 15 uone. Faundesheni nyingi zinakolea zikikaa kwenye hewa na kuchanganyika na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea wenyewe ndo rangi yako. Angalia pia kama ngozi inaelekea kwenye unjano au wekundu, mama mwenye wekundu ukimpaka ya njano anaonekana mgonjwa.

Ukikosa rangi moja, changanya mbili. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyegunduliwa na mpiga picha Nairobi mwaka 1975 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, ameshasimulia kwamba alipofika Marekani mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, rangi ya ngozi kama yake haikuwepo mezani, akawa anajichanganyia, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, walipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo ndo makampuni mengi makubwa yakaanza kuongeza za weusi. Siku hizi rangi zipo lakini kuchanganya bado ni ufundi unaookoa, mi napenda ya giza kidogo kwa ajili ya kingo na inayolingana na shingo kwa katikati.

Aina ya faundesheni iwe ya maji maji, nyepesi, inayobaki na mng'ao kidogo. Zile zilizoandikwa "mat", yaani zisizong'aa, na zile za kukaa saa 24 zimetengenezwa kukausha mafuta, na huyu mama mafuta yenyewe hana. Za poda za kwenye kikopo pia hapana. Na ununue mahali unapopaamini maana feki zipo nyingi, angalia na nyuma ya chupa ile picha ya kikopo kilichofunguliwa, ikiwa na 12M maana yake ukishafungua una miezi 12, chupa iliyokaa kabatini tangu harusi ya mtoto wa kwanza itupe.

Kabla ya faundesheni shughulikia weusi. Chini ya macho na kwenye madoa yaliyokolea tumia krimu ya rangi ya chungwa, kidogo sana, kwa ncha ya kidole cha pete, gonga gonga mpaka ibaki kivuli tu. Chungwa linaua ule ubuluu na ukijivu, na hapo hutahitaji konsila tabaka tatu. Vile vinundu vidogo vyeusi vinavyotoka mashavuni na pembeni ya macho, wengi wetu tunavyo na vinaongezeka na umri, viache. Ni sehemu ya sura yake, ukijaribu kuvifunika vinajitokeza zaidi.

Kupaka sasa. Kamua faundesheni nyuma ya mkono, kiasi cha punje mbili za mbaazi kinatosha uso mzima, joto la mkono linailainisha. Lowesha sponji, ikamue ndani ya taulo mpaka isidondoshe hata tone. Anza katikati, pembeni ya pua, kuzunguka mdomo, kidevuni, mahali penye rangi isiyolingana, na usiburute, bonyeza na kuinua, bonyeza na kuinua, ngozi iliyolegea ukiiburuta inakunjika na rangi inaingia kwenye mkunjo. Kinachobaki kwenye sponji ndo unapeleka kwenye kingo, juu ya paji, masikioni na kushuka kidogo chini ya taya. Penye ngozi nzuri pita tu au usipite kabisa. Kwa mama anayevaa mtandio au hijabu acha kingo ziwe nyepesi kabisa maana kitambaa kitafuta chote, na anayevaa miwani pale inapokalia puani weka kidogo mno, ikivuliwa isiache mashimo mawili.

Ukimaliza tabaka la kwanza rudi nyuma hatua mbili umwangalie kwa mbali, umbali ambao watu watamwangalia. Mara nyingi umeshamaliza. Kama kuna doa bado linasema, ongeza hapohapo tu.

Halafu fanya hivi, mwambie acheke. Acheke kweli, mpigishe stori. Utaona mstari kutoka puani mpaka mdomoni na ile mistari ya pembeni ya macho imekusanya rangi. Akiwa bado anatabasamu bonyeza sponji isiyo na kitu kwenye mstari, inainua ile rangi iliyozidi. Rudia baada ya dakika moja. Hili kabla ya poda, ukishapiga poda juu ya rangi iliyojikusanya umeifunga pale mpaka usiku.

Blashi ya krimu iweke sasa, kabla ya poda, na usiogope rangi, uso wa mtu mzima unapauka na damu kidogo mashavuni inamrudishia uhai kuliko faundesheni yoyote. Kwa ngozi nyeusi rangi ya zambarau iliyoiva au nyekundu ya tofali inakaa vizuri. Weka juu kidogo ya shavu, ukiishusha inavuta uso chini.

Poda iwe laini sana na iwe kidogo, brashi ndogo, kung'uta, puani, katikati ya paji, kidevuni, basi. Ile staili ya kurundika poda chini ya macho na kuiacha dakika kadhaa ndo ifutwe ni ya mabinti, kwa mama inakausha kila kitu. Na zile poda nyeupe zenye silika zinarudisha mwanga wa flashi, ukumbini anaonekana sawa ila kwenye picha uso mweupe, kwa hiyo kabla hajatoka mpige picha kwa simu na flashi ikiwa imewaka. Nyunyizia maji ya kushikiza mekapu, ule ungaunga wa poda unayeyuka, mng'ao wa ngozi unarudi.

Kwa mama aliyetumia mkorogo miaka mingi nenda taratibu zaidi. Krimu zenye hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, zile zenye steroidi zinaikondesha ngozi, mashavu yanakuwa mekundu na mishipa inaonekana. Usimsugue, usitumie kitu chenye spiriti, linganisha na shingo na umshauri kwa upole amuone daktari wa ngozi, wala usimseme mbele za watu.

Ukumbini wengi watapata lile joto la ghafla, jasho linamwagika hata kama eisi inapuliza. Asifute. Mpe tishu aikunjue, aibandike usoni na kuibonyeza mpaka inyonye, na kama ana feni ya mkono aitumie kwanza. Poda juu ya jasho inageuka matope, bora anyunyizie yale maji tena kidogo na kubonyeza kwa kidole.

Usiku asilale nayo hata kama amechoka vipi, mafuta ya kusafishia au hata mafuta ya nazi kwenye pamba, afute taratibu kwenda juu, aoshe, apake losheni. Na sponji ioshwe usiku huohuo kwa sabuni, ianikwe penye hewa, ikianza kuchanika au kunuka nunua nyingine.